Ardhi, Mkeka na Maradhi ya Neva katika Visiwa vya Wabajuni na Pwani ya Kismayu

Historia ya uuguzi katika visiwa vya Wabajuni na pwani ya Kismayu imeambatana kwa muda mrefu na jambo ambalo vitabu vya tiba hulitaja kwa nadra, nalo ni umbali kati ya mwili wa mgonjwa na ardhi. Mtu aliyepatwa na kiharusi, yaani kuziba au kupasuka kwa mshipa wa damu ubongoni kunakoacha upande mmoja wa mwili umepooza, na mtu mwenye kifafa, yaani maradhi ya ubongo yanayomwangusha mgonjwa kwa mitukutiko ya kurudiarudia, waliuguzwa kwa hoja zilizokuwa na mizizi katika elimu ya kale ya joto na baridi, katika dini, na katika uzoefu wa watu waishio juu ya mwamba katikati ya maji. Tangu mwishoni mwa karne ya 20 imezuka duniani biashara ya mikeka ya namna nyingine, mikeka yenye nyuzi zinazopitisha umeme na kuunganishwa na ardhi kwa waya, ambayo huuzwa pia kwa watu wenye maradhi ya neva, yaani maradhi ya ubongo, uti wa mgongo na nyuzi zinazobeba hisia na amri mwilini, kwa ahadi kwamba kuigusa ardhi hutuliza maumivu, hurudisha usingizi na hupunguza mitetemeko. Pwani hii, ambayo wavuvi wake wamekanyaga mchanga wenye maji ya chumvi kwa miguu mitupu tangu enzi za mababu, ni mahali panapofaa kuipimia ahadi hiyo. Na anayeipima hapa hukuta kwamba hatima ya mgonjwa wa neva imeamuliwa zaidi na njia ya bahari inayomletea dawa kuliko na chochote kilichokuwa chini ya mgongo wake.

Visiwa vyenyewe vimejipanga sambamba na pwani, kuanzia karibu na Kismayu na kuteremka kusini kuelekea mpaka wa Kenya, na vinavyotajwa zaidi ni Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na Fuma. Ni mabaki ya miamba ya matumbawe ya kale iliyoinuka juu ya bahari. Udongo wake ni haba, maji ya kunywa hutoka visimani na mvuani, na riziki imetegemea samaki, kombe, boriti za mikoko, pamoja na kasa, ambaye Wabajuni walikuwa mashuhuri kwa kumvua kwa kutumia chazo, samaki anayejibandika juu ya gamba la kasa naye akavutwa kwa kamba. Magofu ya misikiti na makaburi ya mawe, ambayo mwanaakiolojia Neville Chittick aliyakagua mwaka 1968 katika safari yake ya pwani ya kusini mwa Somalia, yanathibitisha kwamba maisha ya mji na ya Uislamu yalikuwapo hapa zamani. Kismayu, kwa upande wake, ilipita katika mikono mingi: askari wa Sultani wa Zanzibar, kikosi cha Misri kilichotua mwaka 1875 na kuondoka muda mfupi baadaye kwa shinikizo la Uingereza, kisha kampuni ya Kiingereza, na tangu 1895 serikali ya Uingereza yenyewe, hadi jimbo la Jubaland, ambamo Kismayu imo, lilipokabidhiwa Italia mwaka 1925. Jeshi la Uingereza liliuteka mji Februari 1941, Italia ikarudi mwaka 1950 kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Jamhuri ya Somalia ikazaliwa mwaka 1960. Kila bendera ilipobadilika ulihama pia mji ambako fedha na dawa za pwani hii ziliamuliwa, kutoka Zanzibar hadi Mombasa na Nairobi, kisha Mogadishu. Visiwani, hata hivyo, mgonjwa wa neva aliendelea kuanza kutibiwa nyumbani kwake.

Elimu iliyoongoza uuguzi wa nyumbani ilikuwa tawi la tiba ya Kiyunani iliyopokewa na Waarabu na kusambazwa na vitabu kama Al-Qanun cha Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037. Elimu hiyo husema kwamba mwili una majimaji manne, yaani damu, belghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na kwamba afya ni mizani kati ya joto, baridi, ukavu na unyevu. Nayo huhesabu kupooza miongoni mwa maradhi yatokanayo na belghamu, majimaji ya baridi na unyevu, yanapoziba njia za neva. Mwanaanthropolojia wa Kimarekani Marc Swartz, aliyefanya utafiti Mombasa tangu miaka ya 1970, alikuta fikra hizi zikiwa hai katika mazungumzo ya kawaida ya Waswahili kuhusu chakula na tabia za mwili, jambo linaloonyesha kwamba hazikuwa mali ya wasomi peke yao. Katika mpangilio huo wa mawazo, sakafu ni adui wa kiungo kilicholegea, kwa kuwa hutoa baridi, na baridi inaaminika kupanda mwilini kupitia nyayo, kiuno na mgongo. Ndiyo maana maumivu ya viungo yaliitwa baridi yabisi kote pwani, na ndiyo maana mzazi katika arubaini yake alikandwa kwa maji ya moto na kufukizwa, akiepushwa na kila kitu cha baridi.

Hapa ndipo samani na tiba zilipokutana. Mkeka uliosukwa kwa ukindu, yaani majani machanga ya mkindu, na jamvi, ambalo ni pana na gumu zaidi na husukwa kwa miyaa, vilikuwa kazi ya wanawake. Watu walivilalia, walivikalia, waliswali juu yake na hata kuvitumia kuwafunikia maiti. Zaidi ya mkeka kulikuwa na kitanda cha miti kilichowambwa kwa kamba za usumba, yaani nyuzi za kumbi la nazi, ambacho upepo hupita chini yake na ambacho kinamtenga mgonjwa na ubaridi wa sakafu ya chokaa. Aliyepooza alistahili kitanda kwa mujibu wa elimu ya majimaji manne, na hata kwa macho ya tiba ya leo uamuzi huo ulikuwa na faida zake, kwa sababu kamba zinazonepa hupunguza vidonda vya mgongo vinavyompata mtu asiyeweza kujigeuza, na kitanda kilichoinuka humrahisishia mwuguzaji kazi ya kumgeuza na kumwosha. Mwenye kifafa alikuwa na haja iliyo kinyume kabisa. Kwake yeye usalama uko chini, kwenye mkeka ulio mbali na jiko na mawe, ambako mitukutiko ya usiku haitamtupa mbali. Uuguzi mmoja wa nyumbani ulibeba hivyo maagizo mawili yanayopingana kuhusu ardhi, na yote mawili yalikuwa na akili ndani yake, moja likiangalia baridi na jingine likiangalia kuanguka.

Pamoja na kitanda zilikuja tiba za mikono. Mgonjwa wa kupooza alikandwa kwa mafuta ya ufuta, zao ambalo bonde la mto Juba limelilima kwa wingi, na viungo vyake vikanyooshwa asubuhi na jioni na watu wa nyumbani; aliumikwa, yaani kutolewa damu kwa pembe iliyobandikwa juu ya ngozi iliyochanjwa; na miongoni mwa wafugaji wa Kisomali wa bara, ambao walikuwa majirani na wakwe wa watu wa pwani, alichomwa kwa chuma au kijiti cha moto mahali palipoaminika kuwa na maradhi. Tiba hizi haziwezi kuwekwa katika kapu moja. Kuchoma kuliacha makovu na vidonda bila kugusa ubongo, ilhali kukanda na kunyoosha viungo, ambako kulifanywa kwa uvumilivu wa miezi na akina mama na mabinti ambao hakuna daftari lililowaandika, kunafanana kwa kiasi kikubwa na mazoezi ya viungo ambayo hospitali huyatoa leo baada ya kiharusi ili misuli isikakamae. Anayeandika historia ya tiba ya pwani hii kwa kuanzia na madaktari waliotua na meli huwanyima wanawake hao nafasi waliyoistahiki.

Dini nayo iliipa ardhi heshima yake katika maisha ya mgonjwa. Asiyeweza kutumia maji kwa ajili ya maradhi hutayamamu, yaani hujitoharisha kwa kupiga viganja vyake juu ya udongo safi na kupaka uso na mikono, kwa hiyo mtu aliyelala kitandani kwa miaka alikuwa na saa zake za kila siku za kugusa mchanga ulioletwa ndani kwa ajili yake. Hadithi sahihi iliyopokewa kwa Bibi Aisha inamweleza Mtume akitumia udongo na mate katika kumsomea mgonjwa, na desturi ya kusoma dua juu ya kiungo kinachouma imefuata nyayo hizo. Kuhusu kifafa, wanachuoni wa pwani waliijua hadithi ya mwanamke mweusi aliyemlalamikia Mtume kwamba huanguka na kufunukwa nguo, akapewa hiari kati ya kuombewa shifaa na kusubiri kwa malipo ya Pepo. Akachagua kusubiri, lakini akaomba asifunukwe anapoanguka. Uzito wa hadithi hiyo kwa wenye maradhi haya ni mkubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa inamtaja mwenye kifafa kama mgonjwa mwenye heshima na mwenye haki ya sitara, wala haimtaji kama mtu wa kukimbiwa. Ibn al-Qayyim, mwanachuoni wa karne ya 14, aligawa kuanguka katika aina mbili, moja ya pepo wachafu na nyingine ya majimaji ya mwili ambayo ni kazi ya matabibu, na mgawanyo huo ukaacha mlango wa dawa wazi hata kwa mtu mcha Mungu.

Mlango wa pepo nao haukufungwa. Mwalimu wa chuo aliandika aya kwa zaafarani katika sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi, na mgonjwa akanywa maji hayo yaitwayo kombe, alishonewa hirizi, na iliposadikiwa kwamba kuna aliyempanda kichwani, alifanyiwa ngoma ya kupunga. Upande wa Wasomali ibada ya jinsi hiyo huitwa saar, na mwanaanthropolojia I. M. Lewis, katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu kupandwa na pepo, aliieleza kuwa njia ambayo wanawake wasio na sauti walidai kwayo haki na mahitaji yao. Maelezo hayo yana ukweli kwa matatizo mengi ya moyo na nafsi, ila yana hatari yakipanuliwa hadi kwenye kifafa, kwa sababu mitukutiko ya kifafa hutokana na chembe za ubongo kurushiana umeme kwa pamoja na bila mpangilio, na ngoma ya siku saba haiizuii inayofuata. Hata hivyo ngoma na kisomo viliwakusanya jamaa, vikatoa chakula, vikamfanya mgonjwa awe mtu wa kushughulikiwa, na katika sehemu za Afrika Mashariki ambako mwenye kifafa aliogopwa hata akaachwa motoni, mkusanyiko wa namna hiyo haukuwa jambo dogo.

Wakati pwani ikimwinua mgonjwa kutoka kwenye sakafu, Ulaya ya viwanda ilianza kumshusha. Padri Sebastian Kneipp wa Wörishofen, huko Bavaria, alieneza katika miaka ya 1880 na 1890 tiba ya maji baridi na kutembea kwa miguu mitupu juu ya nyasi zenye umande, na mwaka 1896 Adolf Just alifungua katika milima ya Harz makao ya tiba aliyoyaita Jungborn, ambako wageni walihimizwa kulala chini na kutembea bila viatu kwa imani kwamba ardhi ina nguvu ya kuponya. Waliowafuata walikuwa hasa watu wa mijini waliochoshwa na moshi, viatu na ofisi, na wengi wao walilalamika udhaifu wa neva, kama ulivyoitwa wakati huo. Fikra hizo zingemshangaza mvuvi wa Koyama. Yeye alikuwa ndani ya maji ya chumvi hadi magotini tangu utoto, juu ya mchanga uliolowa, ambao ni kipitishi kizuri cha umeme kuliko nyasi yoyote ya Bavaria, na bado kiharusi, kifafa na mitetemeko ya uzee vilimjia. Takwimu za visiwani kwa maradhi haya hazikukusanywa, lakini kusini zaidi katika pwani hiyohiyo, Kilifi nchini Kenya, ambako watu wengi vijijini hutembea na kulala karibu na ardhi, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria karibu watu 8 katika kila 1000 kuwa na kifafa cha mitukutiko kinachoendelea, kiwango kilicho juu kuliko cha nchi tajiri. Sababu zilizotajwa zaidi ni matatizo ya uzazi, majeraha ya kichwa na maambukizi ya vimelea, na hakuna hata moja kati ya hizo inayoondolewa na kuvua viatu.

Maradhi mengine ya neva yanaifanya miguu mitupu kuwa hatari. Ukoma, ambao kijidudu chake kiligunduliwa na Gerhard Armauer Hansen mwaka 1873, hushambulia neva zilizo karibu na ngozi na kuua hisia za mikono na miguu, na mtu asiyehisi hukanyaga kombe kali, mwiba au kaa la moto bila kujua, hadi kidonda kinapofika mfupani. Bonde la Juba lilikuwa na makazi ya wenye ukoma karibu na Jilib katika zama za Waitalia, na elimu ya makazi kama hayo kote duniani, hasa baada ya kupatikana dawa ya dapsoni katika miaka ya 1940, ilihimiza viatu na ukaguzi wa nyayo kila siku. Agizo lilelile hupewa leo mwenye kisukari ambaye neva za miguu yake zimekufa ganzi. Kwa wagonjwa hawa ushauri wa kutembea peku ufukweni, hata ukitolewa kwa nia njema, ni ushauri mbaya.

Badiliko kubwa katika historia ya kifafa lilitoka katika kemia. Chumvi za bromaidi zilianza kutumiwa dhidi ya mitukutiko mwaka 1857. Mwaka 1912 kampuni ya Bayer iliingiza sokoni fenobabitoni kwa jina la Luminal, na mwaka huohuo daktari Alfred Hauptmann akaonyesha kwamba inapunguza mitukutiko ya wagonjwa wake. Mwaka 1938 ikafuata fenitoni. Fenobabitoni ni dawa ya bei ndogo, humezwa mara moja kwa siku na haihitaji barafu, kwa hiyo inafaa kisiwani kuliko dawa nyingi. Ushahidi wa karibu kuhusu uwezo wake vijijini ulitoka Mahenge, Tanganyika, ambako daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kukuta watu wenye makovu ya moto waliokuwa wametengwa na jamaa zao kwa hofu ya kuambukizwa. Wengi wao, walipomeza vidonge bila kukatiza, waliacha kuanguka na kurudi shambani. Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa hiyo katika orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977.

Dawa hiyo ina sharti moja ambalo jiografia ya visiwa hulikiuka kila mwaka. Ikikatwa ghafla, mitukutiko hurudi kwa nguvu zaidi, wakati mwingine mfululizo bila fahamu kurejea kati ya mmoja na mwingine, hali ambayo huua. Sasa msimu wa kusi, yaani pepo za kusini zinazovuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, huchafua bahari ya kusini mwa Somalia, na kati ya Juni na Agosti madau madogo hubaki yamepwelewa pwani. Vinigi Grottanelli, mtaalamu wa Kiitalia aliyefanya utafiti miongoni mwa Wabajuni mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1955, alieleza jamii ambayo kazi zake zote ziliendeshwa na mzunguko wa pepo hizo. Tiba ya kidonge cha kila siku, ikiletwa kutoka Kismayu kwa dau, iliingia moja kwa moja katika mzunguko huo, na mgonjwa asiye na akiba alikuwa salama wakati wa kaskazi, yaani pepo za kaskazini, na hatarini wakati wa kusi.

Kwamba serikali ya Somalia iliweza kufika mbali ilipotaka kulionekana mwaka 1977, pale mgonjwa wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya asili alipogunduliwa Merca, kaskazini mwa Kismayu. Alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, ambaye baadaye alijitolea katika kampeni dhidi ya polio, maradhi ya virusi yanayoharibu neva za uti wa mgongo zinazoendesha misuli na kumwacha mtoto kiwete, na akafariki mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo. Mwaka huohuo polio ilirudi Somalia na kuwapoozesha karibu watu 200, huku sehemu kubwa ya kusini ikiwa chini ya Al-Shabaab, kundi lililopiga marufuku kampeni za chanjo katika maeneo yake. Neva za wagonjwa hao ziliharibiwa kwa sababu kinga haikuwafikia, ilhali kinga hiyo ipo na ni matone machache mdomoni.

Kati ya miaka hiyo miwili kulikuwa na vita. Dola ilipoanguka Januari 1991, Kismayu iligombaniwa na majeshi ya wababe wa kivita, na Wabajuni, ambao walikuwa wachache na hawakuwa na wanamgambo wa kuwalinda, walinyang'anywa mashua na mali, wengi wakakimbilia Kenya kwa bahari na kuwekwa katika kambi za Mombasa, ikiwemo ya Jomvu. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 kambi hizo zilifungwa na baadhi yao wakarudishwa visiwani kwa msaada wa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Wengine walitawanyika Kenya, Uingereza na kwingineko. Kismayu ilikuwa mikononi mwa Al-Shabaab tangu Agosti 2008 hadi majeshi ya Kenya na washirika wake yalipoingia mwishoni mwa Septemba 2012. Januari 2008 bomu la kando ya barabara lilikuwa limewaua wafanyakazi watatu wa Madaktari Wasio na Mipaka mjini humo, na mwaka 2013 shirika hilo likaondoka Somalia nzima kwa miaka kadhaa. Kwa mwenye kifafa kila moja ya tarehe hizi ilikuwa na maana ya mwilini, kwa kuwa ilimaanisha vidonge vilivyokatika ghafla, na zaidi ya hapo fenobabitoni imo katika mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 wa kudhibiti dawa zinazoathiri akili, hivyo kuiagiza kunahitaji vibali vya serikali, na pwani hii iliishi miaka mingi bila serikali ya kuvitoa.

Mikeka ya kuunganisha mwili na ardhi ilizaliwa katika kipindi hichohicho, mbali na hapo. Mmarekani Clinton Ober, aliyekuwa mfanyabiashara wa televisheni za waya na aliyejua kwamba waya hizo huunganishwa na ardhi ili kuondoa mikwaruzo ya umeme, alianza majaribio yake mwaka 1998 kwa kulala juu ya vipande vya chuma vilivyofungwa kwenye nondo iliyochomekwa uani, na mwaka 2010 kitabu alichokiandika na wenzake kikaieneza biashara hiyo. Mkeka huo ni kitambaa au plastiki yenye kaboni au nyuzi za fedha. Waya wake, wenye kizuizi cha kupunguza umeme, huishia kwenye nondo ardhini au kwenye tundu la tatu la soketi, lile linalounganishwa na waya wa ethi, yaani waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Nadharia ya wauzaji ni kwamba elektroni za ardhi huingia mwilini na kuzima chembe zinazosababisha uvimbe. Utafiti unaonukuliwa sana, uliochapishwa mwaka 2004, ulikuwa na watu 12 waliolalia vifaa hivyo kwa wiki 8 bila kundi la kulinganisha, na tafiti nyingi zilizofuata zilikuwa ndogo vilevile na zilifanywa mara kwa mara na watu wenye maslahi katika biashara hiyo. Hakuna kilichothibitishwa ndani yake kuhusu kifafa, kiharusi au maradhi ya Parkinson, yale yanayotetemesha mikono na kukakamaza mwili. Kwamba baadhi ya watumiaji hulala vizuri zaidi ni jambo la kuaminika, kwani saa ya kupumzika kwa makusudi, mahali pamoja, kwa matumaini, humsaidia mgonjwa yeyote wa neva, na usingizi mzuri wenyewe hupunguza mitukutiko kwa baadhi ya wenye kifafa.

Hatari ya mkeka huo katika pwani ya Kismayu inatokana na umeme wenyewe. Tangu 1991 umeme wa miji ya Somalia umeuzwa na watu binafsi, kwa muda mrefu kwa jenereta za dizeli na waya zinazopita juu ya mapaa, na nyumba nyingi hazina waya wa ethi, au zina tundu la tatu lisilounganishwa na kitu. Katika soketi ya namna hiyo mkeka ni kitambaa cha kawaida. Katika soketi iliyofungwa vibaya, ambamo umeme umevuja hadi kwenye tundu la ethi, mwili wa mtu asiyeweza kujiondoa haraka unakuwa umefungwa kwenye njia ya umeme, na usalama wake unategemea ubora wa kizuizi kidogo ndani ya waya ambao ndugu aliyeununua mtandaoni hawezi kuukagua. Nondo yenyewe haifanyi kazi sawasawa kila mahali, kwa kuwa mwamba mkavu wa matumbawe hupitisha umeme kwa shida, na fundi wa visiwani hulazimika kuishusha hadi kwenye mchanga wenye unyevu. Familia inayotaka kujaribu bila gharama ina ufukwe wakati wa maji kupwa, mradi mgonjwa ana hisia nyayoni na, akiwa na kifafa, asikae ukingoni mwa maji bila mwenzake.

Mkeka mmoja wa aina hiyo huuzwa kwa makumi ya dola. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba dawa ya kifafa ya mgonjwa mmoja inaweza kugharimu kiasi kidogo cha dola 5 kwa mwaka, kwamba hadi asilimia 70 ya wenye maradhi hayo wangeishi bila mitukutiko wakitibiwa ipasavyo, na kwamba robo tatu ya walio katika nchi maskini hawapati tiba hiyo. Kwa Koyama, Chovai na Chula hesabu hiyo ina tarehe yake katika mwaka: akiba ya miezi minne au mitano ya vidonge, pamoja na mhudumu aliyefundishwa kuvigawa na kuwaeleza jamaa kwamba havikatizwi, inatakiwa iwe imevuka bahari kabla ya kusi kushika nguvu.